Vipimo vya Chiriku

12 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na masikio hayajazidi. Ningekupigia simu, ila najua utaniambia nipaze sauti, nitapaza, na mwisho kiwanda kizima kitajua habari zangu na wewe utakuwa hujasikia hata neno. Kwa hiyo naandika, saa ya chakula, kwenye meza ya kupigia pasi. Ukiona doa la maji kwenye karatasi ni la pasi, si la machozi. Bado.

Nyumbani hatujambo. Baba, yaani kaka yako, kikohozi kimemwacha na amerudia kazi yake ya kugombana na redio. Mtoto mdogo anaota meno ya juu, mawili kwa mpigo, na ameamua tuyaote wote pamoja naye. Baba Chiriku leo ni siku ya kumi na moja yuko njiani na lori. Chiriku mwenyewe ametimiza miaka minane, na mdomo wake umetimiza ishirini. Siku hizi anaoga peke yake, anavaa peke yake, mpaka kile kiatu chenye chuma anakifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, na mlango anaufunga kwanza. Nikibisha ananiambia nisubiri nje, yeye ni mtu mzima.

Sasa lililonishikisha kalamu. Shule imeleta barua. Mwaka huu watoto wote wenye mahitaji maalumu walio kwenye madarasa ya pamoja watapimwa somo la michezo mara mbili, mwanzoni mwa Februari na mwishoni mwa Mei. Kuna fomu. Mtoto ambaye fomu itaonyesha hana maendeleo, kikao kitakaa, na anaweza kupendekezwa kwenda ile shule ya bweni. Uliwahi kunieleza ilivyo mbali. Nimeuliza stendi, ni saa sita kwa basi, na mzazi anaruhusiwa kumwona mtoto mara moja kwa muhula.

Sisemi ile shule ni mbaya. Nasema ana miaka minane. Upande wake wa kushoto unajikokota tangu azaliwe, lakini upande wa kulia unanishika shingo kila asubuhi kabla sijatoka.

Shangazi, wewe umefundisha watoto hawa maisha yako yote. Watampima nini? Nifanye nini?

Baba anakusalimu. Anasema ule mwavuli wake bado unao.

Mwanao

20 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mwavuli sina. Mwambie kaka yangu aangalie nyuma ya kabati lake, kama alivyopaswa kuangalia miaka sita iliyopita.

Mimi mzima. Goti linanitabiria mvua, na masikio ndiyo hivyo, miaka thelathini ya filimbi haipiti bure. Jirani yangu amenunua jogoo, watu wote wanalalamika, mimi nalala kama mfalme. Mjukuu wangu Chiriku mwambie bibi anamdai barua.

Kuhusu hilo lingine, acha kutetemeka. Fomu ni kitu kidogo. Watapima mambo manne tu.

Kwanza, kutembea kutoka kwenye mstari wa chaki mpaka ukutani na kurudi, hatua kumi za mtu mzima, kwa saa ya michezo. Pili, kusimama korongo, ndivyo tunavyoita, yaani mguu mmoja juu, na watachagua mguu dhaifu. Tatu, kutupa vifuko kumi vya mchanga ndani ya beseni. Nne, kufufuka, yaani kulala chali sakafuni na kuinuka bila kushika kitu wala mtu.

Mna wiki mbili na ushee. Mfanyishe kila siku, asubuhi mara moja, jioni mara moja. Vifuko shona mwenyewe, wewe fundi. Tafuta saa yenye sekunde. Weka daftari, siku ya kwanza andika anachoweza bila kumsaidia hata kwa kidole, halafu endelea kuandika kila siku. Usiandike unachohisi, andika ulichopima. Nataka siku hiyo aingie uwanjani watu wanyamaze. Mtoto wa ukoo wetu haingii kama mzigo.

Barua hii ukishaisoma iweke mbali. Si ya kuonyeshana na akina mama wa pale getini.

Shangazi yako

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwavuli ulikuwa nyuma ya kabati. Baba hajasema chochote, ila redio leo imepumzika.

Meno yametoka. Baba Chiriku alikuja, akalala siku mbili mfululizo, akaondoka. Mimi kiwandani wamenihamishia kwenye kola, kola tu, mia moja na themanini kwa siku, nikifumba macho naona kola zinapita.

Chiriku alipimwa juzi, nami nikaomba ruhusa nikasimame pembeni. Nakupa namba zote kama ulivyonifundisha. Tarehe ishirini na tano Januari, siku tulipoanza nyumbani: kutembea, sekunde hamsini na mbili. Korongo, sekunde moja, na hiyo moja nimemwonea huruma. Beseni, viwili kati ya kumi. Kufufuka, hakuweza, alishika kiti.

Juzi uwanjani: kutembea thelathini na moja. Korongo nne. Beseni sita. Kufufuka, aliinuka peke yake, akapangusa vumbi, akamwuliza mwalimu kama na yeye anaweza.

Watu walinyamaza kweli. Halafu akina mama wakapiga makofi. Mwalimu wa michezo ni binti mdogo, mpole, ana filimbi kubwa kuliko uso wake. Aliangalia saa yake, akamwangalia Chiriku, akaniangalia mimi, kisha akaandika. Aliniambia kwamba kwa mtoto anayepimwa mara ya kwanza hajapata kuona hivyo. Nilijivuna. Nilirudi kazini nikashona kola kama kichaa.

Kuna jambo moja dogo. Nilichungulia ile fomu. Ina safu tatu. Ya kwanza imeandikwa Mwanzo, ya pili Mwisho, ya tatu Tofauti. Hiyo ya tatu ndiyo imepigiwa mstari. Hii fomu unaijua? Safu ya Tofauti wanaitumiaje?

Chiriku ameniambia niandike kwamba deni la barua atalilipa akijifunza kuandika bila kuchoka.

Mwanao

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mpaka goti likanyooka. Mwambie mjukuu wangu bibi yake alipiga makofi peke yake sebuleni, na jogoo wa jirani akaitikia.

Huku napaka rangi nyumba. Fundi aliniuliza nataka bluu gani, nikamwambia bluu, akaleta bluu nne, sasa kila ukuta una mawazo yake. Mvua imeanza. Kaka yangu ale vizuri na asivue sweta kwa sababu ya jua la saa nne.

Endeleeni na mazoezi, msilegeze. Kola zako zikuache upumzike hata nusu saa.

Shangazi yako

22 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani nimekawia. Mtoto mdogo aliugua tumbo, tukakaa zahanati siku nzima kwenye benchi lisilo na mgongo, na nikakatwa siku ile kazini. Sasa ameshapona, anatambaa, anakula kila kitu kilicho chini. Baba anavaa sweta. Baba Chiriku yuko njiani.

Mazoezi tunaendelea, asubuhi na jioni, uwani kwetu, kutoka kwenye mstari mpaka ukuta wa choo na kurudi. Nimejaza daftari moja, nimeanza la pili. Lakini namba zimegoma. Machi yote alikuwa thelathini na moja, thelathini, thelathini na moja. Mwezi huu naona thelathini na mbili, thelathini na tatu. Namhimiza. Wakati mwingine, nakwambia ukweli, namgombeza. Juzi nilimwambia rudia, akarudia. Nikamwambia rudia tena, akarudia tena, na hakusema neno.

Hilo ndilo linaloninyima raha, Shangazi. Chiriku hasemi neno. Zamani alikuwa akitembea huku anatangaza kama mpira wa redioni, eti anakwenda, anakwenda, anageuka. Sasa anakwenda, anageuka, anakaa. Nikimwuliza kama amechoka anasema hapana. Nikimwuliza kama kuna mtu amemsema vibaya shuleni, hapana.

Halafu nimekaa na ile safu ya Tofauti kichwani mwangu kwa wiki kadhaa, nikipitisha kola. Nilikuuliza, hukujibu. Labda hukuona, mwandiko wangu mbaya. Nauliza tena. Kama wanachukua Mwisho na kutoa Mwanzo, na sisi Mwanzo tumeingia na namba zetu zote nzuri, hapo Tofauti itatoka wapi?

Tungeingia na hamsini na mbili, leo thelathini na mbili ingekuwa sherehe. Tumeingia na thelathini na moja.

Mimi si mtu wa hesabu, niliishia kidato cha pili. Lakini hesabu hii hata mimi naiona. Niambie kwamba nimekosea.

Mwanao

28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama barua ya Aprili ilikufika. Namwuliza mtu wa posta, ananiambia zote zinafika. Natumaini huumwi. Baba anasema kama ungekuwa unaumwa ungeshatuandikia kutulaumu.

Wamempima Ijumaa. Kutembea, thelathini na nne. Korongo, tatu. Beseni, sita. Kufufuka, aliinuka, ila aligeuka kwanza upande na kukaa kidogo, mwalimu akasubiri, na saa ikasubiri pia. Kwenye Tofauti ameandika: amepungua, amepungua, hakuna, amepungua.

Mwalimu aliniomba msamaha huku akiandika. Alisema yeye haruhusiwi kuandika anachohisi. Jana barua imekuja, kikao ni Jumanne tarehe kumi na nane Juni, saa tatu asubuhi, ofisini kwa mwalimu mkuu. Nafasi bweni ziko mbili, na wanataka majibu kabla ya likizo.

Shangazi, sijalala vizuri na sitaki kuzungukazunguka. Ninalo daftari. Lina tarehe ishirini na tano Januari, lina hamsini na mbili, lina kiti alichokishika. Nikiliweka mezani, watu watajua kwamba vile vipimo vya Februari havikuwa mwanzo wa chochote. Lakini daftari peke yake nani ataliamini? Watasema mama mwenye shida ameketi chini akajiandikia namba. Kitakacholifanya liaminike ni barua yako ya ishirini Januari, yenye mambo yote manne kwa mpangilio, na muhuri wa posta juu ya bahasha.

Na najua maana yake. Mtu atauliza ni nani aliyemtolea mzazi mambo ya upimaji kabla ya siku. Jina lako liko kwenye chuo cha ualimu ulikofundisha, liko ofisini, wengi wa hawa walimu wamepita mikononi mwako. Umeniambia mwenyewe niiweke mbali, na nimeiweka mbali.

Naomba ruhusa niichukue. Niambie ndiyo au hapana. Ukisema hapana sitakuchukia. Ukinyamaza ndipo sitajua la kufanya.

Mwanao

10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hapa wazima, ila mimi. Nimeshona kola kumi na mbili nje ndani, na msimamizi akanirudishia zote bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni matusi.

Zimebaki siku nane. Sijapata barua. Nimepiga simu mara mbili, ukapokea, ukasema haloo haloo, ukakata. Sijui kama hukusikia au ulisikia.

Nimeamua hivi. Jumanne ya wiki ijayo naenda. Daftari nalibeba, ni langu, nimeliandika kwa mkono wangu. Nitasema kwamba nilimfanyisha mazoezi kabla, mimi, na kwamba kosa ni langu. Barua yako haitatoka kabatini mpaka wewe useme itoke. Hata wakinibana. Ulinibeba mgongoni siku mama alipofariki, ukanibeba mpaka nikalala, na ulikuwa na goti hilo hilo. Siwezi kukutoa mezani kama risiti.

Lakini nataka ujue kwamba nimekasirika. Nakuheshimu na nimekasirika, vyote viwili viko kifua kimoja na havijagombana bado.

Chiriku ameuliza bweni kuna vitanda vya juu na chini. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kama ni vya juu, yeye hawezi kupanda, basi watamrudisha. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Mwanao

13 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote zimefika. Simu yako pia nilisikia, mara zote mbili.

Ile fomu ninaijua. Niliiandika mimi. Miaka tisa iliyopita walituita walimu wanne, wakatufungia siku tatu kwenye chumba cha mikutano chenye feni mbovu, tutunge fomu ya kupima watoto hawa. Kabla ya hapo walikuwa wanapimwa kwa kulinganishwa na darasa. Mtoto wa chuma mguuni anapangwa mstari mmoja na mtoto mwenye miguu ya paa, halafu anaandikiwa sifuri, mwaka baada ya mwaka. Mimi ndiye niliyepiga meza. Nikasema kila mtoto ajipime na nafsi yake, alikuwa wapi, amefika wapi. Safu ya Tofauti ni yangu. Waliniunga mkono, tukanywa chai, na mpaka nastaafu hicho ndicho kitu nilichojivunia kuliko vyote.

Na kanuni ya kwanza niliyowafundisha pale chuoni ni kwamba mtoto asifundishwe kipimo kabla ya kipimo cha kwanza. Ya kwanza kabisa, mwanangu. Wanafunzi wangu walikuwa wanaiimba. Halafu imekuja barua yako, nami nikaona jina la ukoo wetu likiitwa uwanjani mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, nikataka wanyamaze. Sikumfikiria Chiriku. Nilifikiria watakavyosema, huyu ni mjukuu wa yule mwalimu.

Uliponiuliza Februari nilishajua. Nilisoma zile namba zako, thelathini na moja, nikapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha nikajua. Nikakaa chini kwenye mkeka wa fundi rangi. Ningeweza kukuandikia siku ile ile, ukaenda kwa mwalimu, likasahihishwa kwa dakika kumi. Badala yake nikakueleza habari za bluu nne. Nimeandika barua kwako mara tano tangu hapo na zote ziko kwenye droo.

Chukua ile barua. Chukua na hii. Weka zote mezani, na jina langu lisomwe kwa sauti. Anayetaka kunilaumu nipo, nyumba ya bluu nne, haipotezi mtu.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi hii barua, nimemwambia ni ya hospitali ili asiichezee. Mungu anisamehe na hilo.

Shangazi yako

21 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, siku mbili baada ya kikao. Kondakta anasema basi lilikufa njiani, wakalala porini siku tano wakingojea kipuri. Alinikabidhi kwa mikono miwili na kunipa pole ya mgonjwa. Nilimshukuru.

Kwa hiyo nilikwenda bila ruhusa yako na bila barua yako. Nakueleza yote, usiruke mstari.

Tulikuwa watano, mwalimu mkuu, mwalimu wa michezo, bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu mwenye faili, mimi, na Chiriku nje kwenye benchi akimchunga mdogo wake. Bwana wa faili alisoma fomu, akasema hali iko wazi. Nikaomba kusema. Nikaweka daftari mezani. Nikasema mimi nilimfanyisha mtoto mambo haya manne kabla hajapimwa, kwa hofu yangu, na kwamba mwanzo wake wa kweli uko ukurasa wa kwanza. Bwana wa faili akauliza niliyajuaje hayo mambo manne. Nikalisogeza daftari karibu naye. Akauliza tena. Nikamwambia nitajibu swali lolote linalomhusu mwanangu, na hilo halimhusu. Nilikuwa nimekaa wima.

Mwalimu wa michezo alikuwa amelichukua daftari. Alifunua polepole. Akasoma kwa sauti ya chini, korongo, kufufuka. Maneno hayo hayako kwenye fomu, Shangazi. Kwenye fomu imeandikwa kusimama kwa mguu mmoja na kuinuka kutoka sakafuni, na uwanjani mwalimu hakuwahi kuyatamka hayo ya kwako. Akaniangalia, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja, akasema, "Mwalimu wangu hajambo?"

Nikainamia meza. Hakuuliza tena. Akamgeukia bwana wa faili, akasema daftari hili limeandikwa kila siku kwa miezi minne, na yeye kama mpimaji yuko tayari kuweka sahihi yake chini ya ukurasa wa kwanza. Mtu hatungi uongo wenye siku mia moja na ishirini, alisema, angechoka wiki ya pili.

Nikadhani tumemaliza. Lakini alikuwa bado anafunua. Akaniuliza, sawa, kutoka hamsini na mbili mpaka thelathini na moja naona. Sasa kutoka Machi mpaka leo anarudi nyuma kwa nini? Nikasema labda uvivu, labda amechoka, mimi mwenyewe namgombeza. Akatoka, akarudi na Chiriku, akamkalisha kwenye kiti cha mwalimu mkuu, akapiga magoti akaanza kufungua kile kiatu chenye chuma. Chiriku akauvuta mguu. Mwalimu akamwambia taratibu.

Shangazi, kiatu kile ni cha mwaka juzi. Mimi ninayepima shingo za watoto wa watu kutwa, sijapima mguu wa mwanangu. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani kama ngumi. Kucha kubwa ilikuwa nyeusi, na kisigino kilikuwa na kidonda kilichopona na kufunguka, kikapona na kufunguka. Soksi ilikuwa imegandana nacho.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Hakulia. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Akasema, "Nikisema naumia, utaandika namba mbaya."

Bwana wa faili alifunga faili lake, akalifungua, akalifunga. Mimi nilishika ule mguu kwenye mapaja yangu, sikumbuki nani aliniletea maji ya uvuguvugu.

Mwisho wa fomu kuna nafasi ya maoni ya mpimaji. Mwalimu aliniambia huwa inaachwa tupu, kwa sababu walifundishwa kutoandika wanachohisi. Safari hii aliandika mistari mitatu, na nikamwomba ninakili. Vipimo vya Februari si vya mwanzo. Vya Mei vimechukuliwa mtoto akiwa na maumivu. Abaki darasani kwake, apate kiatu, apumzike wiki sita, kisha apimwe upya. Mwalimu mkuu akaweka sahihi. Bwana wa faili aliweka ya kwake mwishoni, akasema ni mpaka Septemba tu, na kwamba nafasi moja ya bweni itabaki wazi mpaka hapo.

Basi, ni mpaka Septemba. Sijashinda kitu, nimepewa miezi mitatu. Jumatatu tunakwenda kupimwa kiatu. Kidonda nakiosha mimi, asubuhi na jioni, na mlango hafungi tena. Mazoezi nimeyafuta. Ananiuliza kila siku kama kweli nimeyafuta.

Barua yako nimeisoma mara nne. Sitaipeleka shuleni. Ukitaka jina lako lisomwe kwa sauti, mwandikie mwalimu mwenyewe, ni mwanafunzi wako na nadhani anasubiri. Hilo ni lako, kama vile kidonda ni changu. Hasira imepungua, haijaisha, na sina nguvu za kuishikilia peke yangu, kwa hiyo njoo. Njoo kabla ya Septemba. Usilete saa, usilete filimbi, usimtume mtoto atembee popote. Kaa naye tu uwani, umwulize anaumwa wapi, halafu umngojee ajibu, hata akichukua mchana mzima.

Chumba cha mbele nitakutandikia.

Mwanao